Pipa la Dorine

Mvua ilipokatika tu, pikipiki ya Valence ilisikika ikipanda kilima cha Lihangwe kwa kukohoa. Benigna aliisikia akiwa jikoni. Akaacha mwiko ndani ya sufuria ya uji, akatoka nje kuchungulia, ingawa alijua vizuri itasimama wapi. Mwenye wivu haridhiki na kujua tu, mpaka aone kwa macho yake ndipo aumie sawasawa.

Pikipiki ikasimama kwa Dorine.

Mashamba yale mawili yalipakana. Marehemu baba mkwe aliyagawa kabla ya kufa: la kulia akampa mwanawe Romanus, mume wa Benigna, la kushoto akamwachia binti yake, Dorine, ambaye wakati huo bado alikuwa ameolewa na kukaa Msamala mjini. Mume wa Dorine alikuwa dereva wa malori. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye lori akaanza kufuata mahindi popote, yule bwana akazoea njia ya Makambako, na huko Makambako akazoea mwanamke, hata akasahau kurudi. Dorine akafunga vyombo vyake, akarudi kwa mama yake kulima. Mashamba yote mawili yalikuwa kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na kijito ambacho maji yake yalikwenda kunywewa Songea mjini.

Tangu Novemba watu wa mradi walikuwa wamezungushia kipande cha kila shamba kwa mabati waliyoyafukia nusu ardhini. Chini ya kipande waliweka mfereji wa bati, na mwisho wa mfereji pipa lenye mfuniko. Mvua ikinyesha, maji yanayotiririka kutoka kwenye kile kipande yanaishia pipani. Valence, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu cha kilimo, aliyepanga chumba mjini, anakuja baada ya kila mvua, anapima, anachota kwenye chupa, anamwaga kinachobaki, anaondoka.

Huko kuondoka upesi kulikuwa upande wa Benigna. Kwa Dorine kijana hakuwa na haraka. Alichuchumaa kwenye pipa, akakoroga kwa ubao, akajaza chupa ya kwanza, akajaza nyingine na nyingine. Kisha akamwita Dorine. Dorine akashuka, kitenge kimefungwa kiunoni kama cha mtu wa mjini, wakasimama wawili wameinamisha vichwa juu ya lile pipa, wakaongea kwa sauti ya chini. Halafu wakapanda pamoja kwenye matuta ya Dorine, yule kijana akishika udongo, akiufikicha, akimwonyesha kitu kwa kidole.

"Anamwonyesha nini muda wote huo?" Benigna alijiuliza. Uji ukaungua.

Zamu yake ilipofika, Valence alimwamkia vizuri, hilo halina ubishi. "Shikamoo, Mama Careen."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uji."

"Asante mama, nimeshachelewa." Akafunua mfuniko, akachungulia, akachota chupa moja, akaandika, akatabasamu peke yake. "Haya mama. Tuonane mvua ijayo." Akapiga kiki, huyo.

Benigna alibaki amesimama mbele ya pipa lake. Ndani mlikuwa na maji kidogo, meupe, ya kuweza kumwogeshea mtoto mchanga. Akatupa jicho upande wa pili. Pale alipomwaga Valence, chini ya pipa la Dorine, matope mekundu yalikuwa yametandaa mazito kama uji wa msibani. Pipa la wifi yake lilikuwa limeshiba, na lake lilikuwa na njaa.

Jioni, wakila ugali kwa likolo la majani ya maboga, alimwuliza mumewe. "Baba Careen, hivi hawa watu wa mapipa wanatafuta nini hasa?"

"Si nilikwambia? Wanapima mvua."

"Mvua wanaipima kwa kile kikopo walichosimika kule juu. Pipa la nini?"

"Ah, mambo ya wataalamu hayo." Romanus alimega tonge. "Mimi siku ile nilikaa nyuma."

Siku ya mkutano wa kwanza Benigna hakuwepo. Alikuwa hospitali, Peramiho, anamuuguza Careen malaria. Romanus ndiye aliyekwenda, na kweli alikaa nyuma, pamoja na wanaume wenzake ambao ushirika ulikuwa umewapunguza kazini. Romanus alikuwa mtunza ghala kwa miaka mingi. Ghala lenyewe sasa lilikuwa limekodishwa kwa mfanyabiashara ambaye hakuhitaji mtunza, alikuwa na shemeji zake. Kwa hiyo kule nyuma walizungumza habari za ushirika, na katika mkutano mzima Romanus alirudi nyumbani na neno moja tu la maana: shamba litakalofanya vizuri litafanywa shamba la mfano, nalo litapewa mbolea.

Mbolea mwaka ule ilitajwa kwa sauti ya chini kama nyama. Zamani serikali ilikuwa inabeba sehemu ya bei. Sasa kila mtu alibeba mzigo wake, na maduka ya mjini yalikuwa yakiupandisha bei mfuko kila mvua ilipokaribia. Bila mbolea, mwanamume asiye na mshahara na mwanamke mwenye shamba la mteremko wangekula nini?

Msomaji atauliza: kwa nini Benigna asimwulize Valence mwenyewe? Angemwulizaje, wakati kijana anaamkia huku mguu mmoja uko kwenye pikipiki? Na kumwuliza Dorine, afadhali angekula udongo. Tangu wifi yake arudi, Benigna alikuwa amekuwa mtu wa pili katika boma lile. Mama mkwe, Bibi Emerensiana, alimsifia binti yake mpaka kikohozi chake. Matuta ya Dorine yalikuwa yamenyooka kutoka juu mpaka chini, ukisimama barabarani unayaona yote, kama nywele zilizosukwa na fundi. Shamba la Benigna lilikuwa mashimo matupu.

Maana Benigna alitoka Mbinga, Umatengoni, na alilima kama mama yake alivyolima. Nyasi zikishakatwa zinalazwa kwa miraba, halafu udongo unachimbwa katikati na kutupwa juu ya zile nyasi, mpaka mteremko mzima unakuwa na mashimo kama sega la nyuki. Kwao waliita ngolo. Mwaka wa kwanza unapanda maharage juu ya kingo, unaofuata mahindi. Hapa Ungonini walicheka tu.

"Mkamwana wangu analima kama anatayarisha makaburi," Bibi Emerensiana alizoea kuwaambia wageni. "Sijui anangoja tufe wangapi." Wageni walicheka, na Benigna alicheka nao, maana mkamwana afanyeje?

Sasa basi, akilitazama lile pipa lenye njaa, alipata jawabu lake mwenyewe. Ni mashimo. Mashimo yanameza kila kitu, hayaachii hata tone lifike chini, ndiyo maana kijana wa watu hana cha kuchota. Matuta ya Dorine yanatoa. Ya kwake yana choyo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Benigna aliwaonea aibu mama yake na bibi yake, kwa kazi iliyokuwa imewalisha ukoo mzima.

*

Februari ikaja gari. Ndani mlikuwa na Valence, bwana mmoja wa mradi na Mzungu mrefu mwenye kamera shingoni. Watoto walilikimbilia, na wakubwa nao walitembea upesi upesi wakijifanya wana safari zao. Gari likasimama, bila shaka, kwa Dorine.

Benigna naye alishuka. Hakuna aliyemwita, lakini aliona ni adabu kupeleka kiti kwa wageni, akabeba kile cha Romanus, cha mninga, akakitua karibu na pipa. Mzungu hakukaa. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anapiga picha ndani ya pipa, anapiga mfereji, anapiga matuta. Akamwomba Dorine asimame pembeni ya pipa. Dorine akasimama, uso umeinama. "Anajifanya ana haya," Benigna aliwaza. "Mwanamke aliyekaa mjini miaka yote hiyo ana haya gani?"

Akasogea kidogo ili naye aonekane. Valence akamgusa bega kwa heshima. "Samahani mama, sogea huku. Unaingia kwenye picha."

Alisogea. Watu walimwona akisogea. Akasimama kando ameshika mgongo wa kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Na wageni walipohamia kwake, Mzungu alifunua pipa, akasema neno moja kwa Kiingereza, akampiga Valence begani, wakarudi garini. Hakuinua hata kamera.

"Wageni wa mwanangu wamefurahi sana," Bibi Emerensiana alisema jioni ile, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwa Benigna. "Picha ile inaenda Ulaya."

Benigna hakulala vizuri. Hakumwonea Dorine wivu wa mapenzi, hapana. Yule kijana angeweza kuwa mdogo wao wa mwisho. Alimwonea wivu wa kuonwa. Miaka yote amelima, amezaa, ameuguza, ameinama mbele ya mama mkwe, na hakuna mtu aliyewahi kupiga magoti kwenye udongo wake.

*

Jumapili ya pili ya Kwaresima ilinyesha tangu Jumamosi jioni. Kulipokucha boma zima lilijitayarisha kwenda kigangoni. Benigna akafunga kichwa kwa leso.

"Kichwa kinauma," alimwambia mumewe. "Niombee tu."

Walipokwisha kushuka, alichukua jembe na ndoo akaenda kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya migomba. Udongo wa kichuguu ni laini, hauna mawe. Alijaza ndoo, akashuka nayo kichwani mpaka kwenye pipa, akafunua, akamimina. Maji meupe yakawa mekundu. Akarudi kuchukua nyingine. Alitaka pipa lishibe lakini lisivimbiwe, akawa anakoroga kwa mpini wa jembe na kupima kwa jicho kulinganisha na la jirani. Alifanya kazi ile kwa uangalifu wa mtu anayeunga mchuzi wa harusi.

Alipoinua kichwa, alimwona Dorine. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la mama yake, khanga imefika kidevuni. Kumbe naye hakwenda kanisani, siku zile alikuwa na homa za vipindi. Walitazamana. Dorine aliingia ndani, akaufunga mlango taratibu.

Benigna alistuka, kisha akajikuta anatabasamu. Ameona, basi. Na auone leo moto wenyewe, maana miezi yote hii mwenzake amekaa juu ya makaa. Angekwenda kusema? Aseme nini, kwamba wifi yangu naye amejaza pipa? Akamimina ndoo ya mwisho kwa furaha.

Jumatatu Valence alifika, akaanza kwa Dorine kama kawaida, kisha akaja kuchungulia pipa la Benigna mara moja aende zake. Hakwenda. Alikoroga, akachuchumaa, akavua kofia.

"Mama Careen, umebadilisha chochote shambani?"

"Hapana mwanangu. Shamba ni lilelile."

"Mashimo yamekuwaje? Yamejaa?"

Benigna alimtazama usoni kutafuta jibu analolipenda. "Yamejaa," alisema. "Yamejaa sana."

Valence akajaza chupa, akajaza nyingine na nyingine. Akapanda naye shambani, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo moja, akaufikicha udongo. Na alipokaribishwa uji wa karanga, safari hii alikubali. Alikunywa kimya, kama mtu aliyepokea habari za ugonjwa nyumbani, lakini Benigna hakuyaona hayo. Aliona kikombe chake mkononi mwa mtafiti.

Basi ikawa mazoea. Mvua ikinyesha, Benigna anawahi kabla ya pikipiki. Machi ikapita, Aprili ikaingia. Mzungu akarudi, na safari hii alipiga magoti kwa Benigna. Benigna alikuwa amevaa kitenge kipya cha Pasaka, akasimama pembeni ya pipa lake, mkono mmoja kiunoni, akacheka meno yote nje. Kamera ikalia. Pembeni kabisa, nje ya picha, alisimama Dorine. Benigna alimtafuta kwa macho ili aone sura yake ikisawijika, lakini Dorine alikuwa anamtazama kwa utulivu, karibu kwa upole, na jambo hilo lilimharibia furaha kidogo.

*

Mkutano wa matokeo ulifanyika Juni, mahindi yakiwa yamekauka shambani, kwenye uwanja wa shule. Benigna alikaa mbele kabisa. Romanus alikaa naye. Alikuwa amenyoa ndevu, na tangu asubuhi alikuwa akizungumzia mahali pa kuweka mifuko ya mbolea isinyeshewe.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Saimon, alifungua kwa sala na salamu, akamkaribisha afisa mmoja kutoka mjini, mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Afisa akasema maji ya mji yamekuwa matope. Akasema imeamuliwa kwamba mashamba yote ya mteremko ule yanayotoa udongo mwingi yafungwe baada ya mavuno, yapandwe miti. Yanayoushika udongo wake yataendelea kulimwa, nayo yatapewa mbolea kama ilivyoahidiwa. Mashamba yenyewe atayataja mtafiti.

Valence akasimama. Hakuwa na ile sauti yake ya kawaida.

"Kama nilivyoeleza mkutano wa kwanza," alisema, "lile pipa linapokea kilichomshinda mkulima kukizuia. Udongo ulio pipani ni ule wa juu, wenye rutuba, uliokimbia shambani. Pipa likiwa na matope, shamba linakwisha. Pipa likiwa na maji meupe, au likiwa tupu, huyo ndiye mkulima."

Benigna alisikia maneno yale yakiingia moja moja. Akamtazama Romanus, Romanus alikuwa anatazama ardhi.

Valence akainua picha kubwa zilizobandikwa kwenye kadibodi. Ya kwanza ilikuwa Dorine, ameinama, na pipa lake. "Hili nilitegemea. Matuta yanateremka na mteremko, maji yanapata barabara. Dada Dorine nimemweleza mara nyingi, na amekuwa mvumilivu." Kisha ya pili. Ilikuwa Benigna katika kitenge cha Pasaka, mkono kiunoni, anacheka kando ya pipa la matope. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Hili liliniumiza," Valence alisema kicheko kilipopungua. "Mpaka Februari shamba la Mama Careen lilikuwa bora kuliko yote tuliyopima. Yale mashimo yalishika maji yote. Nilikuwa nikifika nachota chupa moja naondoka, maana hapakuwa na kazi. Tulitaka kuwaleta watu wa Namtumbo, wa Lusewa, waje kujifunza kwake. Lakini kuanzia Machi mashimo yalishindwa. Kwa hiyo mashamba yote mawili..."

"Ni mimi," Benigna alisema.

Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Udongo ule niliuweka mimi. Mashimo hayakushindwa. Niliuchukua kwa ndoo, nikaumimina."

Mwanamume mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Basi hata mimi la kwangu niliweka!" "Na mimi!" akadakia mwingine. "Mimi niliweka toroli zima!" Watu walishika mbavu. Afisa akapiga meza. "Mama, hapa hatukuja kuigiza. Kila mtu akifungiwa shamba atasema aliweka udongo."

Valence peke yake hakucheka. Alimsogelea. "Kwa nini ufanye hivyo, mama?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bibi Emerensiana alikuwa anamtazama. Kijiji kilikuwa kinamtazama. Benigna alifungua mdomo, akaona hawezi kulitamka lile neno wivu mbele ya watu. "Nilidhani ndivyo inavyotakiwa," alisema.

"Ulichimba wapi? Nikaone."

"Kwenye kichuguu chetu."

"Kipo?"

"Hakipo," Romanus alijibu kwa sauti ndogo. "Nilikibomoa chote Mei. Nimepigia tofali."

Kicheko kikafumuka upya. Valence alingoja kiishe. Alikuwa mtu wa haki, na uso wake ulionyesha kwamba anataka kuamini. "Mama Careen, taarifa bado iko mkononi mwangu. Naweza kuifuta, nikaandika kwamba ulifanya vizuri mpaka Februari, na shamba lako likaendelea. Lakini siwezi kuifuta kwa neno lako peke yako. Kuna mtu alikuona?"

Benigna akageuka. Dorine alikuwa amekaa safu ya tatu, kando ya mama yake, mikono mapajani.

"Wifi aliniona," alisema. "Jumapili ya Kwaresima. Alikuwa mlangoni kwa mama. Wifi, sema."

Vichwa vyote vikageuka. Dorine alinyanyuka polepole, akavuta kitenge kikae vizuri. Akamtazama Benigna, akamtazama Valence.

"Mimi Jumapili huwa niko kanisani," alisema, akakaa.

*

Njiani Romanus alitangulia, na Benigna akamfuata nyuma kama mkosaji. Alingoja matusi. Walipofika kwenye tofali zao zilizoanikwa, Romanus alisimama, akaipiga moja teke ikapasuka.

"Udongo," alisema. "Umemwaga udongo kwenye pipa. Ungeniuliza!"

"Nilikuuliza."

Romanus akavitazama vipande vya tofali. "Kweli uliniuliza," alisema. "Nami nilikaa nyuma." Hawakulizungumza tena. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwenda Lusewa, kwa rafiki yake wa zamani wa ghala, kuomba kukodi eneo la kulima, mbali kiasi cha kulazimu kulala huko msimu mzima.

Siku ya kusafisha mabua, Benigna alikuwa peke yake mteremkoni. Watu wa miti walikuwa wameshapiga vigingi vyao vyenye rangi nyekundu, kuanzia juu mpaka kijitoni, bila kuchagua shimo wala tuta. Alikuwa anakata bua moja moja wakati Dorine alipokuja na panga lake, akaanza kukata upande wake wa mpaka. Walifanya kazi hivyo, karibu bega kwa bega, kwa muda mrefu.

"Uliniona," Benigna alisema hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Nilikuona. Siku ile na siku nyingine zote."

"Na ulijua pipa ni la nini."

"Ningekosaje kujua?" Dorine akasimamisha panga. "Kila mvua ananiita. Dada Dorine, njoo uone. Dada Dorine, shamba la baba yako linakwenda na maji. Ananionyesha matope yangu kama mtu anayeonyeshwa kinyesi cha mtoto wake. Wazungu wanakuja kunipiga picha nikiwa na aibu yangu, mama naye anashangilia, hajui. Kwako anachota chupa moja, anatabasamu, anaondoka. Wewe na hayo mashimo yenu ya Kimatengo! Hujui nilivyokuwa nakuchukia, wifi. Nilikuwa nikisikia pikipiki inazimwa kwako na kuwaka tena papo hapo, nalia."

Benigna akaacha kukata. "Mimi nilidhani anakuthamini wewe," alisema.

Dorine alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya tuta, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi. "Sasa nimejua kwa nini ulimimina," alisema. "Siku ile nilidhani umerukwa na akili. Kisha nikasema, acha amimine."

"Na pale uwanjani? Shamba la kwako lilikuwa limeshakwenda, Dorine. Neno moja lingeokoa la kaka yako."

"Ndiyo." Dorine hakucheka tena. "Wewe ungebaki hapa na mbolea yako, watu wa Namtumbo wanakuja kukuona. Mimi nirudi Msamala kukaanga maandazi, na nikija kumsalimia mama nipite nikitazama mahindi yako. Nilisimama nikataka kusema, Mungu ananiona. Neno likakataa kutoka."

Benigna alikuwa na matusi ya kumjibu. Alikuwa ameyachagua na kuyapanga tangu siku ya mkutano, mengine ya Kimatengo ambayo hayana mfano. Akayatafuta. Badala yake akajiona yeye amekaa safu ya tatu, mikono mapajani, na Dorine amesimama mbele ya watu wanaocheka, anamgeukia na kumwambia: wifi, sema.

Akachukua bua lililofuata, akalikata.

"Hata mimi nisingesema," alijibu.